Maikrowevu kwenye karakana: kutafuta chanzo cha tatizo katika wanga, machikichi, majani na mbao

Mwongozo huu ni wa watu wanaotumia maikrowevu ya nyumbani kwa kazi za karakana hapa Kigoma: kupika wanga wa muhogo uwe utando wa kufungashia, kuivisha machikichi kabla ya kukamua, kukausha mchaichai na mlonge, kukausha vipande vya mbao vya kuchongea. Kupasha wali hakumo. Na mashine ukishaipa kazi hizi, usiirudishe jikoni.

Matatizo karibu yote ninayoletewa yana mzizi mmoja, nao ni maji: yako wapi ndani ya kitu, na yameisha lini. Ndiyo maana nasisitiza mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Dakika za mwenzako hazitakufaa wewe, kwa sababu muhogo wake ulikuwa na maji mengine na umeme wake ulikuwa na nguvu nyingine. Uzito kabla na uzito baada ndiyo habari ya kweli.

Magnetroni, kile kifaa cha ndani ya maikrowevu kinachozalisha mawimbi, hutoa mawimbi ya gigahezi 2.45. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, nayo hujaribu kugeuka kulifuata wimbi mara mabilioni kwa sekunde. Vurugu hiyo ndiyo joto. Selulosi ya mti na wanga mkavu hushika mawimbi kwa kiasi kidogo, mafuta vilevile, na plastiki za polithini na polipropilini huyapitisha karibu yote. Mkaa unayashika mno, na hilo ulikumbuke tutakapofika kwenye mbao. Kwenye kitu chenye maji mengi mawimbi hupenya sentimita moja hadi mbili tu kabla hayajapungua sana, kwa hiyo usemi kwamba maikrowevu hupika kuanzia katikati ni uvumi.

Jana ilifaa, leo haifai

Kipimo kilekile, dakika zilezile, matokeo tofauti. Hapa malighafi haijakosea mpaka uwe umeipima mashine.

Mimina lita moja kamili ya maji ya mtungi kwenye bakuli la kioo. Pima joto, washa nguvu zote kwa dakika mbili, koroga, pima tena. Zidisha nyuzi zilizoongezeka kwa 35. Jibu ni wati zinazoingia kwenye maji. Zikipanda nyuzi 20, una wati 700. Fanya hivyo asubuhi, kisha rudia saa mbili usiku wakati mtaa mzima umewasha taa na pasi. Kama asubuhi ni 700 na usiku ni 500, umeme unashuka na dawa ni stebilaiza au kufanya kazi asubuhi. Maikrowevu za transfoma huumia sana volti zikipungua hata kidogo. Kama nyakati zote mbili ni 450 wakati kibandiko cha nyuma kinasema 700, magnetroni imechoka.

Kigoma iliishi na umeme wa jenereta za dizeli kwa miaka mingi, na wengi bado wana kijenereta uani. Mashine ya wati 700 za kupasha huvuta zaidi ya wati 1,000 kutoka ukutani, maana sehemu kubwa hupotea kwenye transfoma na magnetroni. Kijenereta cha kilowati moja kitanguruma, taa zitafifia, na uji wako utabaki uvuguvugu.

Jambo dogo kuhusu kipimajoto: usikirekebishe kwa kudhani maji yanayochemka ni nyuzi 100. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa mjini huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Tabora, kwenye mita 1,200, ni karibu 96.

Ukishajua nguvu, tafuta zinaangukia wapi. Toa sahani ya kioo inayozunguka, weka bakuli kifudifudi mahali pake, juu yake kipande cha boksi kilichotandikwa kitambaa chenye maji. Panga juu ya kitambaa risiti za mashine za EFD, zile za karatasi inayogeuka nyeusi ikipata joto. Washa sekunde 20 hadi 30 huku unatazama. Weusi utatokea kwa madoa, na sehemu nyingine zitabaki nyeupe kabisa. Urefu wa wimbi ni sentimita 12.2, kwa hiyo madoa huelekea kuachana kwa sentimita 6 hivi, ingawa umbo la chumba huyasogeza. Hiyo ni ramani ya mashine yako peke yake. Ibandike ukutani.

Utando wa muhogo

Huku ndiko kwenye malalamiko mengi, basi tukae kidogo. Kipimo cha kuanzia: gramu 10 za wanga mkavu, mililita 100 za maji, gramu 3 za gliserini ya duka la dawa. Pika mpaka uji uwe mzito na uone kupitia ndani yake, mimina kwenye sahani bapa, acha ukauke.

*Uji una mabonge, na ukiyavunja ndani ni meupe.* Wanga mbichi hauyeyuki majini, unatuama chini. Chembe za wanga wa muhogo huvimba na kupasuka kati ya nyuzi 60 na 75 hivi, na penye doa la joto huiva kwanza, hujifungia ngozi, na wanga mkavu unabaki umefungwa ndani. Watu wakiona hivyo hupunguza nguvu hadi nusu na kushangaa mabonge yako palepale. Sikiliza mashine yako: kwenye maikrowevu nyingi za kawaida, nusu maana yake ni kuwaka kwa nguvu zote sekunde kadhaa, kunyamaza sekunde kadhaa, kuwaka tena. Kwa mililita 100 za uji, mwako mmoja tu unatosha kuharibu. Dawa ni kuongeza mzigo: pika vipimo viwili au vitatu kwa pamoja, au weka glasi ya maji pembeni igawane mawimbi na uji. Koroga kila sekunde 15, ukikwangua chini. Ukiona rangi ya maziwa, bado haujaiva, hata kama ni mzito.

*Utando umejaa viputo.* Uji ulichemka baada ya kuwa mzito, na mvuke haukupata njia. Ishia karibu nyuzi 80. Kama vimeshaingia, acha bakuli litulie likiwa limefunikwa, kisha mimina taratibu ungali moto na utoboe vilivyobaki kwa sindano. Usiurudishe kwenye mashine ukidhani joto litavifukuza. Litaviongeza.

*Unapasuka ukikunjwa, au unanata vidoleni.* Yote mawili ni gliserini. Ikipungua, minyororo ya wanga hushikana kwa nguvu na utando unakuwa mgumu wa kuvunjika. Ikizidi, unakuwa laini na wa kunata. Chanzo ninachokikuta mara nyingi ni kijiko. Gliserini ni nzito kuliko maji: kijiko cha chai cha mililita 5 kina gramu 6 na ushei, maradufu ya kipimo cha hapo juu. Pima kwa mizani. Halafu kuna majira. Gliserini huvuta unyevu wa hewani, hivyo kipimo kinachofaa wakati wa mvua kitakupa utando mkavu wa kupasuka Julai. Kiangazi nenda hadi gramu 4 kwa kila 10 za wanga. Masika rudi kwenye 3.

Na siki je? Wengi huongeza kijiko, nayo hulainisha uji kweli. Lakini asidi ikipikwa kwa muda hukata minyororo ya wanga, na utando unachanika kwa kuvutwa tu. Mimi siiweki.

*Kingo zimekauka na kujikunja, katikati bado mbichi.* Umeukaushia ndani ya maikrowevu. Nimeshabishana na wengi juu ya hili. Utando mwembamba hauna maji ya kutosha kuishughulisha mashine: kingo hukauka mapema na kusinyaa, katikati ikafuata kwa fujo. Pika kwa maikrowevu, kausha kivulini penye upepo, basi. Kama unataka haraka, tumia feni.

*Ulikuwa mzuri, baada ya wiki chache umekakamaa.* Minyororo ya wanga hujipanga upya polepole na kusukuma maji nje, jambo lilelile linaloufanya ugali wa muhogo uliolala uwe mgumu. Halizuiliki kabisa, tengeneza kiasi cha kutumia mwezi huu.

*Una vidoadoa vya kahawia.* Hukutumia wanga, ulitumia unga wa muhogo, pengine wa udaga. Unga una nyuzinyuzi na mabaki ya ganda. Wanga unaupata kwa kumenya, kukuna, kuosha kwenye maji, kuchuja kwa kitambaa, kuacha utuame usiku kucha na kumwaga maji ya juu mara kadhaa. Kwa muhogo mchungu kuosha huko si kwa ajili ya weupe peke yake: una sianidi, nayo hutoka na mvuke, kwa hiyo usiupike chumba kikiwa kimefungwa. Maji ya kuoshea yamwage mbali na mbuzi.

*Umeyeyuka kwa maji.* Hilo halina dawa ndani ya karakana yako. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, watu wengi walitumaini wanga ungekuwa mfuko wa kubebea samaki wabichi. Wanga unapenda maji. Fungashia majani makavu, sabuni ya kipande, mbegu.

Machikichi

*Mafuta ni machachu, yanakwaruza koo.* Tunda la mchikichi likishapondeka, kimeng'enya kilichomo huanza kuyavunja mafuta kuwa asidi, na huendelea mpaka joto likizime. Kuchelewa siku mbili tatu baada ya kuvuna hakurekebishiki kwa mashine yoyote. Lakini kama uliwahi na bado mafuta ni machachu, tazama ulivyopanga. Matunda yakirundikwa, ya juu na ya pembeni hupata joto, ya katikati yanabaki vuguvugu na kimeng'enya chao kinaendelea na kazi. Tandaza safu moja, nyunyiza maji vijiko vichache, funika kwa sahani ya kioo, geuza nusu ya safari. Chomeka kipimajoto kwenye tunda kubwa kuliko yote, nyama iliyo karibu na kokwa. Ukiona 80, endelea kidogo ndipo uzime.

*Yanapasuka kwa kishindo.* Mvuke umefungiwa chini ya ganda la nje, au ndani ya kokwa. Toboa kila tunda kwa msumari na upunguze kasi kwa glasi ya maji pembeni. Aina mbili za mchikichi, Dura yenye kokwa la ganda nene na Tenera ya ganda jembamba, usizichanganye kwenye sahani moja. Nyama zao hazina unene sawa, moja itaiva na nyingine itaungua.

*Yameiva lakini hayatoi mafuta.* Umeyakausha. Mafuta hutoka kwenye nyama laini yenye unyevu na moto. Ongeza maji ya moto wakati wa kuponda, ukamue papo hapo.

Kuna mama mmoja wa Ujiji, kiongozi wa kikundi cha kukamua, aliyeona majaribio haya akaniuliza, "Sasa mwanangu, si tununue mashine kumi tuachane na kuni?" Nikamwambia, "Mama, bili ya umeme itayala mawese yote." Kwa makadirio, kilo moja ya machikichi inahitaji karibu dakika tano kwenye wati 700, kwa hiyo saa nzima bila kupumzika ni kilo 12. Pipa moja juu ya moto linapika mamia ya kilo. Maikrowevu ina faida kwa mtu anayetaka kulinganisha sampuli ndogo, tuseme matunda ya miche mipya ya Tenera dhidi ya michikichi ya babu yake, kabla hajaamua atapanda nini.

Majani

Majani yakitoka na kingo za kahawia, ulitandaza mengi mno au hukugeuza. Yakitoka ya kijani mazuri lakini mchaichai hauna harufu, ulienda haraka: mafuta ya harufu huondoka pamoja na mvuke. Washa sekunde 30, fungua mvuke utoke, geuza, pima uzito, rudia. Uzito ukishashuka hadi theluthi hivi ya ulioanza nao, toa umalizie kivulini. Hatua ya mwisho ndiyo ya moto, kwa sababu maji hayapo tena na mawimbi yanatafuta pa kwenda. Usitandike gazeti wala karatasi iliyosindikwa upya; inaweza kuwa na vipande vidogo vya chuma.

Moto ukiwaka ndani, usifungue mlango. Zima ukutani, uache ukose hewa.

Mbao

Wachongaji wa Tabora wanaofanyia kazi mninga wamekuwa wakiulizia hili, kwa sababu kipande cha kijiko au cha bakuli hukaa miezi kikikauka. Inawezekana, kwa vipande vidogo na kwa subira.

*Nje ni pazima, ukikata ndani kuna nyufa.* Mti mbichi hupitisha maji kwa urahisi kufuata urefu wa nyuzi na kwa shida kwenda ubavuni. Ukiuwasha kwa nguvu, mvuke unazaliwa haraka kuliko unavyoweza kutoka, na shinikizo linapasua mahali dhaifu. Ongoza kwa uzito: washa dakika moja kwa nguvu ndogo kabisa, acha upoe kabisa nje, pima, andika. Mti hauanzi kusinyaa mpaka unyevu wake ushuke chini ya asilimia 30 hivi, kwa hiyo mwanzo una nafasi ya kwenda haraka kidogo. Kuanzia hapo punguza mwendo, maana nyufa nyingi huzaliwa wakati huo. Uzito ukigoma kushuka mizunguko miwili mfululizo, kazi imeisha.

*Moshi unatoka na nje hapachomi.* Simama mara moja. Uso wa mti unapozwa na hewa na maji yanayotoka, katikati haipozwi, kwa hiyo joto hupanda huko kwanza. Na hapa ndipo mkaa unaporudi: punje moja ikishaungua kuwa mkaa, inashika mawimbi zaidi ya mti ulioizunguka, inapata joto zaidi, inaunguza jirani zake. Kuanzia hapo hakuna mpangilio wa nguvu utakaousimamisha isipokuwa kuzima. Toa kipande, kiweke nje kwenye zege mbali na majani makavu na uendelee kukichungulia, kwa sababu kinaweza kuwaka muda mrefu baadaye.

Vyombo, na swali la plastiki taka

Chombo kikipata moto kuliko kilichomo, chombo si sahihi. Kijaribu kitupu kando ya glasi ya maji kwa dakika moja: maji yakiwa ya moto na chombo baridi, kitumie. Sahani za melamini hufeli jaribio hili, huchemka zenyewe na kupasuka. Chungu kisichopakwa rangi ya kung'aa kina maji ndani ya udongo wake, nacho hufeli.

Kopo lenye namba 5 chini yake ni polipropilini, inayoyeyuka karibu nyuzi 160. Namba 2 ni polithini ngumu, karibu 130. Ukipasha maji hutafika huko. Ukipasha machikichi yaliyojaa mafuta utafika, kwa kuwa mafuta hayasimami kwenye nyuzi 97 kusubiri kuchemka, na kopo litatoboka kwenye mstari wa mafuta. Tumia kioo. Kuna pia vikombe vya PLA, plastiki inayotokana na sukari ya mimea. Watu hudhani asili yake ya shambani inaifanya imara, kumbe hulegea kuanzia nyuzi 60.

Vijana huniuliza kwa nini chupa na mifuko waliyoikatakata haiyeyuki hata baada ya dakika kumi. Polithini na polipropilini haziyaoni mawimbi. Ukichanganya unga wa mkaa zitayeyuka, ila kwa madoa, sehemu moja inaungua na ya pili bado ngumu, na mzigo usio na maji hurudisha nguvu kwenye magnetroni na kuiua. Kikiingia kipande kimoja cha PVC, namba 3, utavuta gesi ya asidi ya kloridi. Kwa plastiki taka siishauri maikrowevu kabisa.

Mashine yenyewe

*Cheche upande wa kulia ndani.* Mara nyingi ni kile kikaratasi cha maika kinachofunika mlango wa mawimbi. Wanga na mawese vimerukia pale vikageuka mkaa. Kifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Kama kimetoboka, kata kipya kwenye shiti ya maika kwa kufuatisha cha zamani.

*Inanguruma, sahani inazunguka, maji hayapati joto.* Magnetroni, dayodi au kapasita. Usifungue mfuniko. Kapasita hubeba volti zaidi ya 2,000 na inaweza kuzishikilia hata plagi ikiwa imechomolewa. Mpelekee fundi, na kabla hajashika bisibisi muulize atatoaje chaji ya kapasita. Akisita, beba mashine yako uondoke.

*Mlango umepinda, bawaba imelegea, au mashine inawaka mlango ukiwa wazi kidogo.* Hiyo usiitumie tena mpaka irekebishwe, hata kama kwenye jaribio la lita moja bado inakupa wati 700.